Daftari la Ardhi Tupu

Sehemu ya Sita

Kitu cha kwanza nilichokiona ni vidole vya miguu ya mama. Vilikuwa vimejikunja na kulishika vumbi, kama vya mtu anayeteremka mlima wenye utelezi, ilhali mama alikuwa amesimama mahali tambarare kabisa, kwenye uwanja wa boma la Mbeya, mbele ya meza ya Bwana Ardhi.

Mimi huona miguu kabla ya nyuso. Mtu akinisemesha natazama chini, kwa hiyo watu wengi nawajua kwa viatu vyao.

Msomaji uliyekuwa nami wiki iliyopita unakumbuka tulipoachana: swali lilikuwa limeulizwa, na jibu halijatoka. Bwana Ardhi, Mwingereza kijana mwenye shingo iliyoiva kwa jua, alikuwa amemuuliza mama yangu jina la mtu wa kwanza kufyeka shamba letu la pareto kule kilima cha Lugombo. Karani wake, Edmund, Mhehe kutoka Iringa, alikuwa amekwisha kuchovya kalamu. Na Mzee Halfani, mfanyabiashara wa mjini aliyeomba apewe kilima chote cha Lugombo kwa miaka tisini na tisa, alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja akijipepea kwa kofia yake.

Wewe ambaye hukuwapo, jua hili moja nawe utakuwa sawa na wenzako. Shamba ambalo mwenyewe hajulikani huandikwa ardhi tupu. Ardhi tupu ni ya serikali, na serikali humpa aliyeiomba.



Bwana Ardhi akalirudia swali polepole, kwa Kiswahili chake cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi. Mama akatazama mlima Loleza. Akatazama paa la boma. Akakohoa kidogo, akarudi kutazama Loleza.

"Andika," Bwana Ardhi akamwambia karani.

Edmund akaandika.

Shule niliiacha darasa la tatu, baba alipofariki. Lakini tulipokuwa shuleni tulikuwa watoto wanne kwa kitabu kimoja, na kitabu kiliwekwa katikati ya meza. Mimi sikuweza kugombania nafasi nzuri, nikabaki upande wa pili miaka yote mitatu. Kusoma maandishi yaliyopinduka ndiko nilikojifunza kwanza. Kusoma kwa kawaida kulikuja baadaye, na mpaka leo kunanichelewesha.

Basi nikalisoma daftari la Edmund nikiwa upande wangu wa meza, bila shida yoyote. Mstari wa mama uliandikwa: Hajui. Nikapanda mstari wa juu yake. Hajui. Wa juu yake tena. Hajui.

Wanawake saba wa Lugombo walikuwa wameitwa mezani asubuhi ile, na mama alikuwa wa mwisho. Wanawake saba, Hajui saba.

Asubuhi ile ile Bwana Ardhi alikuwa ametueleza vizuri kazi ya daftari lile. Alisema nchi hii si mali ya Mwingereza, aliwekewa tu mikononi na Umoja wa Mataifa, na siku ya kujitawala imekaribia. Kabla ya siku hiyo lazima Umoja wa Mataifa waambiwe kila eneo lina nini, chai ya Mufindi kiasi gani, kahawa ya Mbozi kiasi gani, pareto yetu kiasi gani, na nani analima wapi. Kisha serikali mpya itakabidhiwa nchi pamoja na madaftari yake.

Kwa hiyo siku watu wetu watakapoketi kwenye viti vya boma, watafungua daftari wakute kwamba Lugombo hakuna mtu. Na sisi tutakuwa tumeinama shambani tunachuma pareto, watu ambao hatupo.

Mzee Halfani akasema kwamba kilima chenyewe kimejisemea. Yeye hana ugomvi na kina mama hawa, wala hawafukuzi, atakapoanza shamba lake kubwa atawapa kazi ya kuchuma. Tena akaongeza kwamba atajenga kaushio la bati la kukaushia maua, lenye moto, si haya majamvi yetu ya kuanikia ambayo kila mvua ikinyunya watu wanakimbia nayo kama wamefiwa. Wanaume waliokuwa wakingoja mashauri yao kando ya uwanja wakacheka.

Nikasikia mtu anasema, "Karani, umekosea."

Edmund akainua kichwa akaangaza huku na huku. Mzee Halfani akageuka nyuma ya kiti chake. Hata mama akageuka kumtafuta msemaji. Nami nilikuwa karibu kugeuka, ndipo nilipotambua kwamba sauti ilikuwa yangu.

"Nani kasema?" Edmund akauliza.

Nikaviambia viatu vyake kwamba ni mimi.

"Nimekosea nini, dada?"

"Hawajasema hawajui. Wamenyamaza tu."

Edmund akanieleza, kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto, kwamba mtu akiulizwa jambo mara mbili naye akatazama milima, katika kazi ya ofisi hiyo ndiyo maana yake. Nikamwambia kwetu siyo. Nikaendelea kuongea kwa sababu niliona nikinyamaza tu nitaanguka.

Kwetu Unyakyusa mwanamke aliyeolewa hamtaji baba mkwe wake. Jambo hilo tunaliita ukutila. Hamtazami usoni, hapiti njia aliyosimama mzee, na jina lake halimtoki kinywani hadi anazikwa. Hata neno linalofanana na jina hilo hulizungukia mbali. Na nani aliyefyeka mashamba ya Lugombo? Baba wakwe wa hawa wanawake saba. Bwana Ardhi alikuwa amewauliza swali moja tu ambalo hawawezi kulijibu. Angewauliza jina la babu wa babu yao wenyewe, wangemtajia mpaka na mbwa wake.

Edmund akaniambia kwao Iringa nao wana heshima. Mama mkwe akitokea njiani unajitupa porini hata kama una mzigo kichwani. "Lakini jina lake tunalitaja," akasema. "Bila jina utajuaje wa kumkimbia?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, nikashangaa kwamba bado nimesimama.

Bwana Ardhi hakucheka. Alikuwa ameacha kalamu. Akauliza nina ushahidi gani, maana mtu yeyote aliyesahau jambo anaweza kusema ni heshima.

Ushahidi nilikuwa nao. Kuna neno moja la Kiswahili ambalo mama yangu hajalisema tangu aolewe, na kila mtu nyumbani analijua. Nikamwomba Bwana Ardhi ampe mama kikombe chake cha chai, ile yenye sukari, kisha amwulize ikoje.

Mama akapokea kikombe kwa mikono miwili. Akanywa.

"Ikoje, mama?" Bwana Ardhi akauliza.

"Ni chai ya Krismasi," mama akasema.

Bwana Ardhi akatia kijiko kingine cha sukari, akakoroga, akamrudishia. Mama akanywa tena, safari hii kwa raha zaidi.

"Na sasa?"

"Krismasi na Pasaka."

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Askari wa zamu kwenye ngazi za boma akajishika mbavu. Mzee Halfani akasema huo ni mchezo, watu wamepanga. Lakini niliona ncha ya kiatu chake inacheza, na mtu mwenye hasira kweli kiatu chake hutulia.

Bwana Ardhi akauliza kwa nini basi wasiandike. Wanawake wakaanza kushauriana pale kwenye majani walipokaa. Katika saba, ni Paskalina peke yake aliyejua kuandika. Alifundishwa na masista kabla ya kuolewa. Paskalina akasimama, akasema kwa adabu kwamba mkono na kinywa ni vya mwili mmoja, na mwili huo umeolewa. Akakaa.

Ikabaki kwangu. Mniwie radhi wasomaji, lakini ni kweli: hapakuwa na mtu mwingine. Wazee wale saba wamekwisha kufa. Wanaume wa Lugombo wako migodini, wengine Rhodesia, wengine Afrika Kusini. Watoto walikuwa kilimani kuchuma, mwendo wa nusu siku, na Bwana Ardhi alikuwa anaondoka adhuhuri kwenda Iringa, daftari likiwa kwenye gari lake. Na wiki iliyopita mlimsikia mwenyewe akikataa kuwasikiliza watu wasiokaa kilimani, kwa kuwa mahali pengine walikuja mashahidi wa kukodi.

Mimi nakaa kilimani. Sijaolewa. Na majina yote saba nayajua, kwa sababu nilipokuwa mdogo ndimi niliyekuwa mdomo wa wake za watu. Chakula kikiiva, mke hawezi kumwita baba mkwe wake kwa jina aje kula. Hutuma mtoto. Wa Lugombo walipenda kunituma mimi. Watoto wengine walikuwa wakifika wanaongeza maneno yao, mimi nilikuwa nasema jina la mzee na neno chakula, kisha nakimbia.

Mzee Halfani akasimama. Akasema, "Bwana Ardhi, huyu ni binti. Kesho ataolewa aende zake. Kilima cha watu wazima kitasemwaje na binti?"

Bwana Ardhi akamjibu kwamba jana haikuwa siku ya arusi yangu wala leo.

"Basi tumjaribu," Mzee Halfani akasema. "Awape mgongo hawa wanawake, wasimpe ishara. Mimi nitasimama hapa niwatazame. Ataje jina na mpaka wa shamba. Akikosea moja, ameshindwa yote."

Jaribio likakubaliwa. Nikawapa mgongo wanawake, nikaelekea meza. Mzee Halfani akasimama kando ya Edmund, macho yamewakazia wanawake kama mtu anayelinda kuku.

Nikaanza na kwetu. "Shamba la juu kabisa, kutoka kwenye mianzi mpaka jiwe jeupe. Alilifyeka babu yangu, Yotamu."

Edmund akaandika nusu ya jina, akasita. Akatazama kikombe cha chai. Akamtazama mama. Nikaona mabega yake yanatikisika.

"Yule mama wa chai kajifunika uso," Mzee Halfani akasema, kama anayejisemea.

Sikuelewa. Nikaendelea. Shamba la pili, kutoka jiwe jeupe mpaka kichuguu kikubwa, Jailos.

"Yule mfupi kajifunika," Mzee Halfani akasema. "Yule wa chai kajifunua."

Bwana Ardhi akainuka kitini ili aone vizuri. Nami hapo ndipo nilipoelewa. Mke akilisikia jina la baba mkwe wake linatajwa hadharani hawezi kukaa tu. Huvuta kanga akafunika uso mpaka jina lipite. Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu utoto, lakini sikuwa nimelifikiria, kwa kuwa nilipokuwa nikitaja majina nilikuwa nakimbia.

Nikataja Asegelile.

"Haya, mwenye kilemba cha bluu," Mzee Halfani akasema.

Saulo. Ambilikile. Kila jina, uso mmoja, wala si miwili. Watu waliokuwa wakingoja mashauri yao wakasogea karibu, wakawa wanabashiri ni nani atakayefuata. Mzee Halfani mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwatangazia, maana macho ya mfanyabiashara yameshazoea kusema kilichopo hata kama hakimpendezi. Nilipotaja Lupakisyo, wa sita, akasema, "Bibi wa mwisho pale kulia, na amejifunika kwa haraka kuliko wote. Mzee huyo bila shaka alikuwa mkali."

"Alikuwa mkali," nikasema.

Edmund alikuwa amezikata Hajui sita kwa mstari mmoja mmoja wa wino, na juu ya kila moja ameandika jina. Nilizisoma zikiwa zimepinduka. Zilinipendeza.

Mzee Halfani akakaa kwenye kiti chake, akajifuta jasho. "Bwana Ardhi, mimi niliambiwa kilima ni kitupu," akasema. "Kumbe kimejaa wazee mpaka hakuna pa kukanyaga."

Watu wakacheka, naye akacheka nao. Nikadhani yamekwisha. Lakini Mzee Halfani hakujenga maduka matatu kwa kucheka tu. Akavaa kofia yake vizuri, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mtu wa haki, sita wamepata haki yao, asante Mungu. Lakini mstari mmoja bado unasema Hajui. Huo mmoja yeye anaomba apewe, huo tu, wala hataomba tena.

Shamba lililobaki lilikuwa la chini, la kina Paskalina. Ndilo lenye chemchemi. Lugombo nzima tunateka pale, ng'ombe wetu wananywa pale. Mwenye shamba lile akiweka ua, sisi wengine sita tutabaki na majina mazuri daftarini na ndoo kavu.

"Endelea, binti," Bwana Ardhi akasema. "Shamba la saba."

Nikasema mipaka. Kutoka mkuyu wa zamani mpaka kijito, na kijito mpaka barabara ya Uyole. Edmund akaandika.

"Jina?"

Jina nilikuwa nalo mdomoni. Nililitaja mara mia nilipokuwa mtoto, mlangoni kwa mzee yule, na neno chakula baada yake. Yeye ndiye pekee aliyekuwa akinishukuru. Alikuwa anasema ndaga, mwanangu, hata kama nimekwisha kukimbia.

Lakini mzee yule alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa yuko mgodini, ndiye mume wa Paskalina. Mdogo yuko Igowole, kwenye mashamba ya chai, na jina lake ni Timotheo. Mwezi wa Februari Timotheo aliniandikia barua ya mistari kumi na mmoja. Kumi ilikuwa ya salamu na habari za baridi ya Mufindi. Wa kumi na mmoja uliuliza jambo.

Sasa ulikuwa Juni. Barua ilikuwa ndani ya kitabu changu cha nyimbo za kanisani, na jibu sikuwa nimeandika. Si kwamba sikuwa nalo. Nilikuwa nalo siku ile ile, kabla sijaikunja karatasi. Lakini jibu likiandikwa linasomwa, likisomwa linasemwa, na mimi mnanijua. Hakuna mshenga aliyekwisha kutumwa kwetu, wala ng'ombe aliyetajwa. Hata mama hakujua.

Mtaona basi nilivyokuwa nimesimama. Nikilitaja jina la mzee yule mbele ya Paskalina, nitakuwa nimemjibu Timotheo. Paskalina atamwandikia: yule binti kamtaja mzee wenu mchana, mbele ya watu wa boma, bila kusita. Mwanamke hamtaji hivyo mtu anayetaka awe baba mkwe wake. Nisipolitaja, chemchemi imekwenda.

"Jina," Bwana Ardhi akasema tena. Dereva wake alikuwa amekwisha kuwasha gari.

Mzee Halfani akainama mbele. "Amelisahau," akasema taratibu. "Sita amejitahidi. Si vibaya."

Nyuma yangu nikamsikia mama. "Sema, mwanangu. Unalijua hilo. Ulikuwa unalisema kila siku."

"Paskalina amejifunika tayari," Mzee Halfani akasema, sasa kwa mshangao. "Jina lenyewe halijatoka."

Paskalina alikuwa anasubiri nilitaje. Alikuwa amejiandaa kwa heshima, maskini, wala hajui anasubiri nini.

Nikamtazama Bwana Ardhi usoni. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kutazama juu kuliko goti la mtu. Macho yake yalikuwa ya kijivu, na yalinitazama bila haraka, ila mkono wake ulikuwa juu ya jalada la daftari, tayari kulifunga.

"Karani," akasema, "acha Hajui kama ilivyo."

"Asiache," nikasema.

Kalamu ya Edmund ikasimama. Gari lilikuwa likinguruma. Hata wale wanaume wa kando ya uwanja walikuwa wameacha kubashiri.

Nikasema kwa sauti iliyowafikia wanawake nyuma yangu, na askari kwenye ngazi, na mama.

"Jina nalijua. Nalijua kuliko yale sita. Ila mimi sitalitaja, maana huyo ni baba mkwe wangu."